Tiger Moth iliyolala hangani miaka 14: nikague nini kabla ya kutoa pesa?

BawaPacha

Wakuu salaam. Kuna Tiger Moth, DH.82A, ile ndege ya zamani ya mabawa mawili, inauzwa. Haijaruka miaka 14. Muda wote imekaa ndani ya hanga, mabawa yakiwa yamefungwa mahali pake. Kitambaa ni pamba iliyopakwa dopu, ile rangi ya kukaza na kulinda kitambaa cha ndege. Ukikigonga kwa kidole kinalia kama ngoma, na rangi haijapasuka. Injini ni Gipsy Major, na logbuku inasema ina saa 310 tangu ifunguliwe yote na kujengwa upya. Maneno ya muuzaji ni mafupi: badilisha oili, weka plagi mpya, ruka.

Ninayoizoea ni Stearman, nayo ya mabawa mawili, yenye injini ya Continental R-670, kwa hiyo mabawa mawili hayanitishi, ila Moth sijawahi kuikagua. Nimepewa siku moja ya kuiangalia. Naruhusiwa kufungua vifuniko vyote, lakini si kuchana kitambaa. Nianzie wapi? Kuna namna ya kujua hali ya mbao za ndani bila kulivua bawa nguo? Na hiyo injini, naweza kuizungusha kwa mkono siku hiyo hiyo nisikie kompresheni? Mwisho, aliyezoea Stearman atakosea wapi akikaa kwenye Moth?

GundiNaMsasa

Mkuu, kwanza hiyo ngoma iweke pembeni. Kinachokaza pamba ni dopu, na dopu huendelea kujikunyata mwaka hadi mwaka hata kama nyuzi zilizo chini yake zimeshakufa kwa jua. Kitambaa kinaweza kulia vizuri asubuhi na kupasuka jioni. Ngoma ikilia sana hupasuka, na bawani ndivyo ilivyo: mlio mkali kupita kiasi mara nyingi ni tabaka nyingi mno za dopu zinazovuta mbavu. Simama nchani mwa bawa uchungulie ukingo wa nyuma kwa jicho moja. Ukiona umeingia ndani kati ya ubavu na ubavu kama meno ya msumeno butu, kitambaa kimevuta kuliko mbao zilivyoweza kustahimili.

Nguvu ya kitambaa hupimwa. Pamba ya Grade A ikiwa mpya hubeba paundi 80 kwa kila inchi ya upana, na ikishuka chini ya 56, yaani asilimia 70, inakataliwa. Kipimo cha kuaminika ni kukata ukanda, kuutoa dopu, kisha kuuvuta hadi ukatike. Kile kifaa cha kubonyeza kwa ncha kinakupa jibu la haraka tu. Kwa kuwa huruhusiwi kuchana, angalia kwenye logbuku kitambaa kilipimwa lini na sehemu gani. Kama walipima tumboni mwa bawa, hawakupima kitu. Jua linapiga juu, kwa hiyo pa kupima ni mgongoni mwa bawa la juu, hasa penye rangi nyeusi, bluu au nyekundu, maana hapo ndipo joto linapokuwa kali zaidi.

Sasa mbao, na huku ndiko pesa inakoishia. Kitambaa cha umri huo utakibadilisha kwa vyovyote vile. Boriti za mabawa ya Moth ni za mbao ya spruce, na boriti moja mbovu maana yake bawa zima linafunguliwa. Njoo na tochi nyembamba yenye mwanga mkali, kioo kidogo kama cha daktari wa meno, kamera ya waya ya kuunganisha na simu, na kipima unyevu cha mbao chenye sindano mbili.

Fungua kila kifuniko cha ukaguzi. Usiimulike boriti uso kwa uso. Laza tochi ubavuni mwake ili mwanga uteleze juu ya mbao. Unatafuta ufa wa mgandamizo: mstari mwembamba kama unywele unaokatiza nyuzi za mbao kwa upana. Ukiumulika kutoka mbele hauonekani kabisa, ila mwanga wa kuteleza unautolea kivuli. Ufa huu huja bawa likigonga ardhi kwa ncha, na hupenda kukaa pale boriti inapoanza kuwa nyembamba ghafla, pembeni ya vibao vya kuimarisha penye nguzo za kati ya mabawa. Hata usipouona wenyewe, angalia misumari midogo inayoshika mbavu kwenye boriti. Ikiwa imechomoka kidogo upande mmoja, ujue boriti ilishawahi kusogea.

Mpasuko unaofuata urefu wa mbao hutokea zaidi kwenye matundu ya bolti. Shika ncha ya bawa, lisukume mbele na nyuma taratibu, mwenzako akiwa ameweka sikio mzizini, pale bawa linapoungana na bodi. Kikikwaruza, kuna tundu lililopanuka au gundi iliyoachia.

Kuhusu gundi: mabawa ya zama zile yaliunganishwa kwa kasini, ile inayotokana na maziwa, au kwa gundi ya urea. Kasini ikilowa na kukauka mara nyingi huliwa na kuvu. Kwaruza kiungo cha ubavu kwa ncha ya bisibisi. Ukitoka unga kama wa chaki, kiungo kimekwisha hata kama vipande bado vimeshikana. Na usione aibu kuingiza pua kwenye tundu. Harufu ya stoo iliyofungwa muda mrefu ni ya ukungu, na harufu ya panya ni mbaya zaidi, kwa sababu mkojo wake hula vibati vya chuma na kulowesha mbao kwa wakati mmoja.

Unyevu wa asilimia 8 hadi 12 ni salama. Ukifika 20, kuvu wanaanza kazi. Pima kila boriti mzizini, penye nguzo na karibu na ncha, uandike zote. Namba moja inayowazidi wenzake itakuonyesha pa kutilia shaka kuliko wastani wa ndege nzima.

Silinda7

Injini: usiizungushe. Gipsy Major imepinduliwa, kranki iko juu na vichwa vya silinda viko chini. Oili iliyobaki ndani huteremka kidogo kidogo kupitia kwenye ringi hadi chumba cha mwako. Oili haigandamiziki, kwa hiyo ukivuta propela kwa nguvu kinachosalimu amri ni konrodi. R-670 yako ina ugonjwa huo kwenye silinda za chini. Kwenye Gipsy silinda zote 4 ni za chini. Na usijaribu kuirudisha nyuma ikigoma, maana unaisukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, halafu inanyonywa tena siku ya kuwasha.

Hakikisha swichi za magneto zimezimwa, lakini usiziamini. Magneto huzimwa kwa kuunganishwa na bodi, kwa hiyo waya wa swichi ukikatika magneto inabaki hai. Toa plagi zote 8, ingiza kamera. Kutu nyepesi ya rangi ya chai inayofutika kwa kitambaa haitishi. Vishimo vyeusi vitakula ringi.

Kosa la wengi ni kumimina oili kupitia tundu la plagi kama wanavyofanya kwenye gari. Hapa haikai juu ya pistoni, inadondoka yote sakafuni. Tumia mrija wenye matundu ya pembeni, nyunyizia kuta za silinda, rudia mara tatu nne ndani ya saa 24. Kwa hiyo mwombe muuzaji akuruhusu kufanya hivyo siku moja kabla. Baada ya hapo zungusha kwa mkono, plagi zikiwa nje, kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kompresheni ya injini baridi iliyolala miaka 14 haina thamani kubwa. Valvu hunata na ringi ni kavu. Ukiipima kwa hewa ya psi 80, sikiliza hewa inakotorokea. Ikitokea kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikitokea kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Ikitokea kwenye bomba la kupumulia, ni ringi au silinda yenyewe.

Saa 310 zisikuleweshe. Injini inayolala huharibika zaidi kuliko inayofanya kazi, na panapoumia ni kwenye kemu, vile vinundu vya shafti vinavyofungua valvu, ambazo huzioni kupitia tundu la plagi. Uso wa kemu ukishaota kutu, unasaga kinachopanda juu yake, na unga wake unasambaa na oili. Fungua chujio la oili, kusanya kilichomo, pitisha sumaku. Chembe zinazonasa ni chuma. Zisizonasa na zina rangi ya dhahabu ni bushi au beringi.

Mambo mengine kwa haraka. Oili ya kwenye vifuniko vya roka haitoki kwenye tangi, hujazwa kivyake. Wageni wa Gipsy huisahau na kukausha roka. Mipira yote ya mafuta itupwe bila kuijadili. Tangi liko juu kwenye kipande cha kati cha bawa, lita 86, na mafuta yanashuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo boya la kabureta likinata mafuta hayaachi kumwagika mpaka ufunge koki. Kama tangi liliwahi kupakwa dawa ya kuziba ndani, mulika uone kama inabanduka maganda; maganda hayo huishia kwenye chujio wakati wa kupaa. Petroli yenye ethanoli usiikaribishe kabisa, inalainisha dawa hizo.

Magneto za umri ule zinawaka vizuri zikiwa baridi. Koili hukata moto injini ikishapata joto, dakika 20 au 30 baadaye, na unakuwa hewani. Zipelekwe kwa fundi wa magneto, zipimwe zikiwa moto.

Timazi

Wenzangu wamesahau kitu kinachoua. Uliza karatasi za tairodi kabla hujafungua kifuniko hata kimoja.

Chini ya sakafu ya kokpiti kuna fimbo za chuma zinazovuka bodi kutoka kushoto kwenda kulia, zikiunganisha mizizi ya mabawa ya chini. Ndege ikiwa angani, bawa la kushoto na la kulia yanavutana kupitia fimbo hizo. Desemba 2013 huko Australia, Tiger Moth iliachwa na bawa la kushoto ikiwa kwenye michezo ya angani, wote wawili waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walikuta tairodi zimekatika kwenye hesi kwa uchovu wa chuma. Kikomo chake ni saa 2000 za kuruka au miaka 18, kinachotangulia. Kalenda haisimami ndege ikilala: miaka 14 ya hangani imeshahesabiwa. Namba ya kipande na jina la aliyekitengeneza viwe kwenye logbuku. Zikikosekana, zihesabu zimekwisha.

Kisha waya. Zile zinazozuia mabawa yasipande juu ni waya za kurukia, zile zinazoyabeba ndege ikiwa chini ni waya za kutulia. Zote ni za umbo la jani, zina hesi ya kulia mwisho mmoja na ya kushoto mwisho mwingine, kwa hiyo ukiuzungusha waya wenyewe unakaza au kulegeza pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye uma wa mwisho kuna kitundu kidogo cha ukaguzi. Ingiza sindano: ikipita, hesi haijaingia vya kutosha na waya huo unaning'inia kwa hesi chache. Pitisha ukucha ukingoni mwa kila waya. Kikovu kinachonasa ukucha ni mwanzo wa ufa, na kawaida kililetwa na mtu aliyetumia koleo. Waya hizi huzungushwa kwa kishikio cha mbao au nailoni chenye mwanya, basi.

Pima ulinganifu. Weka pima maji kwa urefu na kwa upana, ndege ikae sawa, dondosha timazi, halafu pima kwa utepe kutoka nguzo ya mwisho ya mkia hadi bolti ile ile ya kila bawa. Tofauti ya milimita chache ni ya kawaida. Ikifika sentimita mbili, kuna ajali ambayo muuzaji hajaitaja.

MkiaChini

Swali la kuruka. Propela ya Gipsy, ukiwa umekaa kokpiti, inazunguka kinyume cha saa. Ya Continental inazunguka kisaa. Mguu wako umeshazoea kukanyaga kulia wakati wa kupaa. Kwenye Moth pua inakwenda kulia na unahitaji mguu wa kushoto. Ukisukuma throtoli haraka na mguu ukaenda kwa mazoea, umejiongezea tatizo badala ya kulipunguza. Isukume polepole, hesabu moja hadi nne.

Kuzungusha propela nako kumegeuka. Ukiisimamia mbele, panga la Gipsy linashukia upande wako wa kulia. Swichi za magneto ziko nje ya kokpiti ili anayezungusha azione kwa macho yake. Tairi zizuiwe, mkia ufungwe, na aliyekaa ndani awe anajua kuifunga throtoli. Kabureta inajazwa mpaka mafuta yadondoke, swichi zimezimwa, unavuta mapanga manne, ndipo unaomba moto. Vidole visilizunguke panga. Vilaze juu yake tu.

Moth ya kawaida haina breki, na mkiani ina kiatu cha chuma mahali pa gurudumu. Kwenye nyasi kiatu hicho ndicho breki yako. Kwenye lami hakishiki, na kinaisha haraka. Kugeuka chini unasukuma fimbo mbele kidogo, unakanyaga usukani wa mkia na kutoa pumzi fupi ya throtoli ili upepo wa propela uupige mkia. Upepo ukiwa wa nguvu, weka mtu kwenye ncha ya bawa.

Sababu ya ndege hizi kupiga kizunguzungu ardhini ni ile ile kama ya Stearman: uzito uko nyuma ya magurudumu, kwa hiyo ukipinda kidogo mkia unataka kuipita pua. Tofauti ni kwamba kwenye Moth huna breki ya kujiokolea. Unatua ukiwa umeelekea upepo, au unakwenda uwanja mwingine.

Kasi ya kupanda na ya kuja kutua ni karibu kilomita 107 kwa saa. Ukifunga throtoli inashuka upesi kuliko unavyotarajia, kwa sababu ni nyepesi (uzito wa juu kabisa ni kilo 828) na imejaa waya na nguzo zinazokamata hewa. Eleroni, vile vibao vya kulaza ndege upande, ziko bawa la chini tu, kwa hiyo usukani wa miguu utangulie, fimbo ifuate. Slati, vile vibao vya ukingo wa mbele wa bawa la juu, zifungwe kwa wenzo wake wakati wa kutembea chini na wakati wa michezo ya angani, zifunguliwe kabla ya kupaa na kutua.

BawaPacha

Asanteni sana. Je, nikiamua kuweka breki na gurudumu la mkia ili nitumie viwanja vya lami?

MkiaChini

Inawezekana, ila usifunge breki kwenye miguu ya kawaida ukadhani umemaliza. Zile za Kanada, DH.82C, zilitoka kiwandani na breki, gurudumu la mkia na kokpiti ya kufunikwa, na miguu yake ililazwa mbele zaidi ili ukikanyaga breki pua isile udongo. Ukiweka breki bila kusogeza magurudumu, propela ndiyo italipa. Binafsi naona ni kuiharibu; tafuta nyasi.

BawaPacha

Nimerudi na matokeo. Unyevu: mabawa ya juu 10 na 11, chini kulia 12. Chini kushoto ni 11 kote, isipokuwa boriti ya nyuma mzizini, 19. Tairodi zilibadilishwa miaka 6 kabla ndege haijaegeshwa. Vipimo vya mkia vinatofautiana milimita 4. Kamera: silinda ya 1, 2 na 4 zina rangi ya chai, ya 3 ina vishimo vyeusi upande mmoja. Chujio la oili safi, sumaku haikunasa kitu. Kitambaa hakina kumbukumbu ya kupimwa. Muuzaji anasema 19 ni hitilafu ya kifaa changu.

Timazi

6 na 14 ni 20. Tairodi zimekufa miaka miwili iliyopita, ziondoe kwenye bei. Milimita 4 ni njema.

GundiNaMsasa

Kifaa kile kile kimesoma 11 kwingine kwenye bawa lile lile, kwa hiyo hakina hitilafu. Angalia ndege inavyosimama. Mabawa ya chini yameinuliwa nchani, kwa hiyo mzizi ndio uko chini. Mkia umekaa ardhini, kwa hiyo nyuma ya bawa iko chini kuliko mbele. Tone lolote litakaloingia bawani litasafiri hadi kona moja: mzizini, nyuma. Ndiyo maana kuna matundu ya kutolea maji pale. Yachungulie, naamini utayakuta yamezibwa na rangi, au aliyevisha kitambaa alibandika vibati vyake na kusahau kuvitoboa.

Mwambie muuzaji achague: afungue kipande cha sentimita 30 hapo mzizini, au auze bawa la chini kushoto kama bovu. Akifungua, chomeka ncha ya kisu kidogo kwenye boriti uinue. Spruce nzima inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza inakatika fupi kama biskuti, bila kibanzi. Hakuna haja ya maabara.

Ukinunua, usifikirie kupaka dopu juu ya kitambaa hicho wala kukivisha kingine juu yake. Vua yote, kagua, uvishe poliesta. Eneo la mabawa ni mita mraba 22.2, mara mbili kwa juu na chini, ongeza bodi, mkia na upotevu, unafika kama mita 40 hadi 45 za roli lenye upana wa mita 1.75. Kuna kitambaa cha gramu 92 kwa mita mraba na cha gramu 115. Kwa Moth cha 92 kinatosha ukifuata mfumo mmoja ulioidhinishwa. Usichanganye gundi ya mfumo huu na rangi ya mfumo ule. Havigombani siku ya kwanza, vinabanduka mwaka wa tatu.

Poliesta hukazwa kwa pasi: pita yote kwa 121 °C, kisha 149, umalizie 177. Namba za kwenye kitufe cha pasi ni mapambo, pima uso wake kwa kipimajoto. Ukivuka 177 kitambaa kinalegea na hakirudi tena. Vipande vyembamba kama eleveta na usukani ukaze pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kipande kinajipinda kama jani kavu na hakuna pasi itakayokinyosha. Mishono ya kwenye mbavu ifuate nafasi za mchoro wa awali, ikikaribiana zaidi penye upepo wa propela. Fundo lisikae juu ya utepe wa ubavu palipo wazi, litaota nundu chini ya rangi.

Tabaka la rangi ya fedha ndilo linalozuia jua. Washa taa ndani ya bawa usiku: ukiona mwanga unapenya, ongeza. Na uwe mwangalifu unapovua kitambaa cha zamani. Dopu ya naitreti inawaka kama baruti, na msasa mkavu unatengeneza cheche za umeme tuli. Lowesha kwanza.

Silinda7

Silinda ya 3 huenda ni mojawapo ya zilizosimama na valvu wazi miaka yote hiyo. Kila injini inapozimwa kuna silinda zinazobaki zimefunguka, hewa yenye unyevu inaingia na kutoka humo kila usiku. Vishimo upande mmoja havisafishwi kwa msasa. Silinda ichongwe upya ndani au ibadilishwe. Silinda za Gipsy zinatoka moja moja, na kwa kuwa unatoa ya 3, toa zote nne. Ndipo utaziona kemu kwa macho, badala ya kuikisia hali yake kwa sumaku.

Siku ya kwanza ya kuwasha: plagi nje, sukuma oili kwa shinikizo hadi geji isogee. Ikishawaka ikae karibu psi 40. Ikikaa sifuri baada ya sekunde 30, zima. Usiiwashe dakika tano kwa ajili ya kuifurahia sauti. Oili haipati joto la kutosha kufukuza maji, na unaanza kutengeneza silinda nyingine yenye vishimo.

BawaPacha

Amekubali kufungua. Boriti imekatika fupi kama biskuti kwenye sentimita 8 za mwisho, na tundu la maji lilikuwa limezibwa na rangi. Bei imeshuka kwa gharama ya bawa moja, tairodi na silinda. Nachukua. Nitaivunja niisafirishe kwa lori, kuna la kuzingatia?

Timazi

Piga picha na pima kila waya kabla ya kuulegeza: hesi ngapi zinaonekana nje ya uma, kila mwisho. Andika kwenye karatasi ngumu uifunge kwenye waya wenyewe, "kurukia, mbele, kushoto" na kadhalika. Waya za kurukia zilegezwe kwanza, mabawa yakiwa yameshikiliwa na watu wawili nchani. Ukianza na za kutulia, bawa linaanguka. Bolti irudi kwenye tundu lake ilikotoka, usizikusanye kwenye ndoo moja.

Bawa lisimamishwe ukingo wa mbele chini, juu ya godoro nene, likishikwa na mikanda mipana penye mbavu zilizo jirani na nguzo. Likilazwa bapa, kila shimo la barabara linazikanyaga mbavu zile zile. Propela itoke, ilazwe mlalo, na ukifika ihifadhiwe hivyo hivyo. Ikisimama wima unyevu hushukia panga moja, na mizani yake inaharibika. Bolti zake zikazwe kwa spana ya torki siku ya kuifunga, tena baada ya saa ya kwanza ya kuruka, maana mbao husinyaa na kuvimba na msimu.

Siku ya kuiunga tena, kipande cha kati cha bawa la juu kianze, vipimo vyake vya mshazari viwe sawa kushoto na kulia, ndipo mabawa yafuate. Kikikaa kombo hapo, utakaza waya wiki nzima na ndege bado itaegemea upande mmoja.